Mwaka wa Gari la Mikate

Tangu baba yake afariki, binti yangu Neema ameanza kuniuliza mimi mambo ambayo zamani angemuuliza yeye. Betri ya gari inadumu muda gani, tairi la akiba likaguliwe lini, fundi akisema hivi anamaanisha nini. Juzi kanitumia picha kwenye simu, moja baada ya nyingine: hema la kufunga juu ya paa la gari, friji dogo lenye mkanda wa kubebea, bomba la kuogea linalopachikwa mlango wa nyuma, taa za kuning'iniza, jiko la gesi linalokunjwa. Yeye na mumewe wamenunua gari la mizigo wanataka kuligeuza nyumba ya kutembelea, wawe wanakwenda kulala Lushoto, Saadani, popote roho inapowatuma. "Mama, vyote hivi siviwezi," akaandika. "Niambie kipi cha maana na kipi urembo tu. Nyie si mlikuwaga na gari kama hilo kabla sijazaliwa?" Nilikuwa nimekaa kibarazani, hapa hapa Madale, chai inapoa, na nyumba ina ule ukimya ambao bado sijauzoea. Ningeweza kumjibu kwa maneno machache. Nunua neti ya mbu. Nunua dumu lenye koki. Friji achana nalo. Lakini kila nilipofika kwenye jiko kidole kiligoma kuandika, maana huwezi kulisema lile jiko bila kuusema mwaka mzima, na baba yake alivyokuwa kijana, na bibi yake ambaye Neema anamjua kwa picha moja tu ya ukutani.

Mwaka ule Madale ilikuwa bado na nafasi ya kupumua. Nyumba zilikuwa chache vilimani, nyingi kuta tupu zinazosubiri mabati, na katikati yake vichaka ambamo kwale walilia asubuhi. Mimi na Aminieli tulikuwa tumefunga ndoa bomani siku si nyingi, mie mtoto wa Temeke niliyezaliwa na kukulia palepale, yeye Mpare aliyeshuka milimani akiwa kijana kutafuta kazi na akaipata, ukarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tulipanga vyumba viwili kwa Mama Koku, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, mwanamke ambaye hata akinong'ona ulimsikia upande wa pili wa ukuta. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kulala. Cha pili kilikuwa na cherehani yangu, majora ya vitambaa vya mapazia ya watu, na meza moja ambayo juu yake tulikula, tulipiga pasi, na Aminieli alinyolea ndevu zake kwa kioo kilichoegemezwa kwenye chupa ya chai. Nilikuwa na furaha mle ndani na sikuijua kuwa ni furaha. Nilidhani ndoa zote ziko hivyo, kwamba jioni mwanaume anarudi na kipande cha papai ndani ya gazeti, mnakula mkiangalia vilima vinavyopoteza rangi, na hakuna anayeona haja ya kusema neno.

Jumamosi moja hakurudi na papai, alirudi na gari. Lilikuwa refu, jeupe, halina madirisha ubavuni. Kiwanda kimoja cha mikate kule Mikocheni kilikuwa kinauza magari yake yaliyochoka, naye akanunua mojawapo bila kunidokeza. Ubavuni walikuwa wamefuta picha ya mkate kwa rangi nyepesi, nyepesi kiasi kwamba jua likiipiga mkate ulikuwa unarudi. Akafungua milango ya nyuma kwa mbwembwe kama anayefungua ukumbi wa harusi. Ndani hakukuwa na kitu, ni matundu ya skrubu palipokuwa na rafu, na harufu ya mkate iliyojaa mpaka darini, tamu, ya joto, kana kwamba waokaji wametoka muda huo huo. "Zuhura," akasema, "hii ndiyo nyumba yetu ya Desemba." Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Dirishani nikamsikia Mama Koku akimwambia jirani yake, "Kijana kanunua gari la mikate. Ama wanafungua duka, ama kichwa kimeanza."

Sisi watu wa Temeke hatuna Desemba. Kwetu ni palepale. Ukitaka kumsalimia bibi unavuka barabara. Kwa hiyo ilibidi anieleze, na alinieleza akiwa amelala chali kwenye sakafu ya gari, miguu inaning'inia nje, mie nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwao, Desemba ikifika, kila aliyeshuka mjini anapanda mlimani, na akipanda anafikia kwake. Mtu mzima mwenye kazi Dar hafikii kwa kaka. Anakuwa na nyumba yake, hata ya vyumba viwili, hata haijapigwa lipu, ilimradi bati lipo juu na ufunguo anao mfukoni. Asiyekuwa nayo analala kwa ndugu, watoto wa ndugu wanahamishiwa chini kwenye mkeka ili baba mdogo apate kitanda, na asubuhi kijiji kizima kinajua nani kalala kwenye kitanda cha watoto. Aminieli hakuwa amejenga. Kila alipokusanya kidogo palitokea jambo likakimeza, miaka ikawa inapita, na yeye hapandi. Kila Novemba kaka yake, Eliamani, alipiga simu, halafu anampa mama yao, na mie niliyekaa jirani nilisikia sauti nyembamba ya kizee ikiuliza swali lile lile, "Unakuja lini?" Naye anajibu, "Karibuni, mama. Nikishajiweka sawa." Akikata simu anakiacha chakula kipoe. Mama alikuwa ameanza kupoteza macho. Siku ile, ndani ya bati tupu linalonukia mkate, Aminieli alikisema wazi kitu kilichokuwa kikimtesa: kwamba atapanda siku moja amkute mama hawezi tena kuiona sura yake. "Mwaka huu napanda," akasema. "Na sitalala kwa mtu."

Kwa hiyo Jumamosi zetu zote za mwaka ule zikawa za Mikocheni, kwenye gereji ya fundi mmoja aitwaye Shabani, nyuma ya kiwanda cha rangi. Upande mmoja wa mtaa ni majumba yenye maua ukutani, upande wa pili mashine zinakereza chuma, na hewa ya katikati ina ladha ya rangi na maua kwa pamoja. Shabani alikuwa mtoto wa Msasani ya wavuvi, kijana wa rika letu, mwenye maneno mengi kuliko spana. Nyumba ndani ya gari alikuwa hajawahi kuitengeneza maishani mwake, ila kukiri hivyo kungemuua. "Sista, sikia," aliniambia siku ya kwanza, "mie nishatengeneza mpaka gari la kubebea maiti. Wale hawajalalamika hata siku moja. Nyie walio hai mtanishinda?" Kila tulipofika alikuwa na kitu kipya cha kutuuzia, amekifunika kwa gunia, anakifunua taratibu. Spika kubwa za kuweka chini ya kitanda. Taa za bluu za kuzungusha bodi. Usukani wa mbao. Aminieli, ambaye kwenye soko la nyanya alikuwa anabishana mpaka muuzaji anaomba poo, mbele ya lile gunia aligeuka mtoto. Mie ndiye niliyekuwa nauliza, "Hiki kinatusaidia nini tukiwa tumelala?" Likawa ndilo swali letu. Na leo, Neema, ukiniuliza namna ya kuchagua, sina swali jingine bora kuliko hilo.

Ukiniuliza kimoja kimoja nitakwambia. Madirisha makubwa ya kioo aliyoyataka Shabani tuliyakataa. Tukakata mawili madogo ya kusukuma, moja kila upande, yenye neti, na paani tukatoboa tundu lenye mfuniko wa kuinua. Ule mfuniko ndio uliotufanya tulale, maana joto la Dar hupanda juu, na likikosa pa kutokea linakulalia kifuani. Dari tulilipachika sponji na kapeti. Shabani akaapa kwamba gundi yake hata tembo haibandui, na jua la kwanza kali lilipopiga dari lote likatushukia vichwani tukiwa tumekaa tunakula mihogo, tukabaki gizani tunacheka, na yeye nje anasema, "Msiguse, msiguse, linakauka hilo." Akarudia kwa fito za mbao na misumari. Betri ya pili na bamba dogo la sola ni vitu vya maana kabisa, kama ukivitaka kwa taa, feni na kuchaji simu. Friji lilikuwa la mtumba, "limetoka kwa Mzungu, sista, halijawahi kuona samaki," nalo lilikuwa likinywa betri yote kabla ya magharibi. Mwisho tukawa tunahifadhia vitunguu. Pampu ya maji ya kubonyeza ilitufurahisha majuma mawili, halafu ikawa inaguna tu bila maji kutoka. Tukaweka dumu lenye koki juu ya rafu, na koki haikuwahi kutuangusha. Turubai la kivuli nilishona mwenyewe, na mapazia nilishona mwenyewe, ya kijani, kwa kitambaa kilichobaki kwenye oda ya mteja wa Sinza.

Jumapili hatukwenda popote. Aminieli alilirudisha gari kinyumenyume mpaka ukingo wa kiwanja cha Mama Koku, pale ardhi inapoanza kushuka, akafungua milango ya nyuma, na tukalala kifudifudi kitandani, videvu kwenye mikono, tunaitazama Madale kama watu wanaotazama sinema isiyo na maneno. Mbali kabisa, hewa ikiwa safi, ulionekana mstari mwembamba wa bahari. Mawingu yalipita na vivuli vyake vikapanda kilima, vikashuka. Mvua ikija tulivuta milango tukabaki na sauti yake kwenye bati, na harufu ya mkate, ambayo unyevu uliifufua kutoka sijui wapi, maana kila kitu tulikuwa tumekipiga msasa. "Unausikia?" alikuwa akiuliza. "Nausikia." Wakati mwingine tulisinzia saa nzima, tukiamka hatujui kama ni asubuhi au jioni, na mie nikadhani labda tumeshafika, tuko huko milimani alikonisimulia, kwenye migomba na ukungu. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimelala mpaka kwenye hoteli za watu wakubwa kwenye semina za ushonaji, na sijapata tena usingizi wa aina ile. Namkumbuka zaidi alivyolala, mkono mmoja umegusa bati la ubavuni, kama anayehakikisha ukuta upo.

Ndipo likaja jiko. Shabani alilifunua kutoka kwenye gunia lake siku moja ya Septemba na hata mie pumzi ilinikatika. Lilikuwa kabati zima la kujengea ndani, lenye jiko la gesi la mafiga mawili, karo la kuoshea vyombo, na kibao cha kukatia kinachovutwa kama droo. Mie nilikuwa nimepanga pale kukaa benchi. "Mtu akitutembelea atakaa wapi?" nilimuuliza Aminieli. "Kitandani?" Akatikisa kichwa. "Zuhura, hujui maneno ya kule. Nikifika na jiko langu hakuna atakayesema Aminieli kapanda kuja kula. Sitaki tuwe mzigo kwa mtu hata wa kijiko cha chumvi." Shabani, ambaye hakuwa ameulizwa, akadakia, "Braza kasema ukweli. Nyumba bila jiko ni stoo." Nikanyamaza, na kusema kweli sikunyamazishwa na hoja. Nililipenda. Jumapili iliyofuata nilipika humo wali wa nazi na samaki wa kukaanga, milango wazi, moshi unatoka paani, na shangazi yangu aliyekuja kutoka Temeke akala amekaa kwenye ngazi ya gari. "Kula wali wako mwanangu," akanitania. "Ukifika kwa hao Wapare watakulisha makande mpaka uote mahindi masikioni." Aminieli alicheka kuliko sote. Sote tuliliona lile jiko kuwa ndilo taji la kazi nzima.

Tulipanda katikati ya Desemba. Safari sitaisimulia sana, ilikuwa ya mchana kutwa, mashamba ya mkonge yakijipanga pembeni, milima ikianza upande wa kulia kama wingu lililoamua kukaa. Kwenye barabara ya kupandia gari lilichemka, tukalipumzisha, watoto wakalizunguka wakisoma mkate ubavuni kwa vidole. Tulifika jua likiwa limeshalegea. Uwanja wa kwao ulikuwa na nyumba mbili, ya Eliamani yenye bati jipya na ya mama iliyo ya zamani, na katikati jiko la nje linalofuka moshi. Mama mkwe wangu alitoka akishika ukuta. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, amejifunga kitenge kifuani, na Aminieli alipopiga goti akamwambia "Shikamoo, mama," hakuitikia kwanza. Aliushika uso wake kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye nyusi, puani, mdomoni. "Umekonda," akasema. "Marahaba." Kisha akaniuliza jina, nikamtajia, akalirudia mara mbili kama anayelionja, akasema, "Zuhura. Karibu nyumbani, mwanangu." Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, mie Mwislamu wa pwani niliyeolewa bomani, sikuwa nimejiandaa kwa hilo, na machozi yalinilenga.

Halafu tukaliharibu. Aminieli alikuwa amelewa furaha. Aliliegesha gari pembeni mwa migomba, akatundika turubai, akawasha taa ingawa jua lilikuwepo, watoto wakashangilia, majirani wakaja kuchungulia. "Bandika chai, Zuhura," akanambia, "na yale maandazi ya kukaanga. Leo mama atakunywa chai ya kwangu." Nikawasha mafiga yote mawili. Mafuta yakapata moto, harufu ikatoka nje. Mke wa Eliamani alikuwa mtu wa Singida, kwa hiyo pale jikoni walikuwa wakizungumza Kiswahili, na dirisha langu lenye neti liliangalia upande huo. Nikasikia mazungumzo yamekatika. Kisha sauti yake, ya chini: "Mama, mwanao kawasha jiko."

"Jiko gani?"

"La kwake. Humo kwenye gari. Wanapika."

Nikasikia mwiko ukiwekwa juu ya kitu. Mara Eliamani akatokea uwanjani, mtu mpole, mkulima, hajavua hata buti za shamba. Akalitazama jiko, akamtazama mdogo wake. "Aminieli," akasema taratibu, "nani amekukosea hapa?"

Mie sikuelewa swali. Niliuelewa uso wa mume wangu, maana ulibadilika kama umemwagiwa maji. Kwao, chungu cha mama kikiwa motoni, mtoto hakoki moto mwingine ndani ya uwanja ule. Anayefanya hivyo ni aliyegombana na wenzake, ndivyo ndugu wanavyowatangazia majirani kwamba kuanzia leo hatuli pamoja. Na kile chungu kilikuwa kimewekwa tangu asubuhi kwa ajili yetu. Aminieli aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Miezi yote ile, kila Jumamosi, tulipokuwa tukipima na kuchagua na kubishana, alikuwa akiliona jiko lile kwa macho ya mtu anayeogopa kuwa mzigo, na hata mara moja hakuliona likiwaka hapa, mbele ya mama. Aliruka ndani akazima gesi. Halafu, badala ya kwenda kuomba radhi, akaanza kushusha turubai. Alikuwa anavuta kamba bila kuzifungua.

"Panda, Zuhura. Tunashuka."

"Tunashuka kwenda wapi?"

"Dar. Panda."

Niliona kabisa kwamba akishuka siku ile hatapanda tena. Angekuwa na sababu ya kutosha mpaka kaburini. Hasira zikanipanda, zile za kwetu Temeke ambazo hazijui kunong'ona. "Shuka mwenyewe," nikamwambia. "Mie nimeahidiwa makande, sitoki hapa bila kula makande." Jikoni mtu alicheka, akaziba mdomo. Nadhani ni wifi yangu, mke wa Eliamani, na nimempenda tangu dakika ile. Aminieli akabaki amesimama na nusu ya turubai mkononi.

Ndipo mama akaja. Alikuja polepole kutoka jikoni, mkono mmoja mbele, mpaka ukagusa bati la gari. Kuhusu moto hakusema neno, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Alilizunguka gari akilipapasa, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kumnunua, akafika kwangu mlangoni. "Mlango ndio huu?" Nikamshika mkono, akapanda ngazi. Akapapasa pazia, akapapasa rafu, akaligusa jiko ambalo lilikuwa bado na joto na akaliacha kama lilivyo. Akafika kitandani. Akabonyeza godoro kwa ngumi, akabonyeza tena mbali kidogo.

"Hapa ndipo unapolala?"

"Ndiyo, mama," Aminieli akajibu kutoka nje, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Basi leo nalala mimi."

"Mama, na sisi?"

"Chumba chako si kipo?" Akasema vile kama jambo ambalo kila mtu anajua, akashuka, akatuambia chakula kiko tayari.

Tulikula makande sebuleni kwa mama, sote, kutoka kwenye sinia moja, watoto wakigombania ukoko, na sijui kama yalikuwa matamu au ni mie niliyekuwa na njaa ya hofu. Baada ya sala Aminieli alimsindikiza mama garini, akamwonyesha swichi ya taa, ingawa taa kwake haikuwa na kazi kubwa. Kisha akafungua mlango wa chumba chake cha zamani. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba hakipo, kwamba lazima kimeshagawiwa watoto. Kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda cha futi tatu na nusu kilikuwa kimetandikwa shuka lililopigwa pasi, na juu ya mto mtu alikuwa ameweka taulo. Wifi akatuambia mlangoni, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mama hufanya hivyo kila Desemba, na Januari hulitandua shuka akalifua. Aminieli alikaa ukingoni mwa kile kitanda na hakuvua viatu kwa muda mrefu.

Nimeishi naye mpaka mwaka huu, na mengi nimeyaona, lakini nikiombwa nichague asubuhi moja ya ndoa yangu nitachagua ile iliyofuata. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, gari likaonekana kama limechorwa kwa maji. Tulisimama nje, tumejifunika khanga moja, tunasubiri. Mlango ukafunguka, mama akashuka ngazi kwa kinyumenyume, kilemba kimekaa upande. Aminieli akaenda kumpokea.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala." Akaushika mkono wake, hakuuachia. "Kuna hewa. Hakuna baridi ubavuni. Godoro halijabonyea. Mvua imenyesha kidogo alfajiri, nikasikiliza kama inavuja, haivuji."

"Haivuji, mama."

"Ulipokuwa mdogo nilikuwa najua unavyolala. Nikiamka nakufunika. Halafu ukaondoka, hukuja, sijui unalala kwenye nini. Watu wakija kutoka Dar wananiambia Aminieli anafanya kazi, Aminieli ameoa. Hakuna anayeniambia analala wapi. Mvua ikinyesha huku nilikuwa nakaa kitandani, nasema labda na kwake inanyesha." Akampigapiga kiganja. "Sasa nimelala mwenyewe nimejua. Ukishindwa kuja mwaka mwingine, usijitese, baba. Mimi nitakuwa najua."

Aminieli alilia palepale uwanjani, mwanaume mzima, mbele ya kaka yake na watoto na mie, na hakujificha. Kabla hatujashuka alilifungua lile jiko skrubu kwa skrubu akampa wifi yangu, na pale lilipokuwa likakaa benchi. Mama alikuwa amempa ruhusa ya kutokuja. Aminieli hakukosa Desemba hata moja mpaka tulipomzika mama yule.